Mabaka ya Kiunoni

Daktari wa ngozi alisoma majibu ya maabara mara tatu, kisha akaketi.

Mbele yake, msichana wa miaka sita aliyekuja na mama yake alikuwa akijikuna mabaka meupe kiunoni. Kwa miaka miwili daktari alikuwa akiyaita fangasi na kumwandikia dawa ya kupaka.

"Mama, si fangasi," alisema. "Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, imejificha kwenye ngozi. Kwa watoto ni nadra sana. Inatibika, lakini nimechelewa kuijua."

Mama alimgeukia mwanawe. "Saratani? Huyu aliyenishinda mbio kutoka getini?"

Akaishusha blauzi ya mwanawe taratibu.

"Wewe ndiye uliyeniambia niache wasiwasi, daktari. Sasa huu nauweka wapi?"