Joto la Chumba cha Mama

Siku hizi huko Makete joto lililolipiwa halirudishwi kwa pesa. Kila mwezi benki humkata Anyosisye kiasi kilekile, awashe hita asiwashe, na salio likizidi, shirika la umeme humrudishia joto lenyewe, katika chumba kilekile kilichobaniwa joto.

Hilo la mwisho hakulijua. Alipunguza joto la chumba cha mama yake akidhani salio likijaa atapewa pesa, anunue mabati mapya. "Jikaze kidogo, mama, vaa soksi," alikuwa akimwambia. Naye mama hujibu, "Nimevaa, baba." Akafariki Julai, baridi ikiwa kali.

Leo, wiki ya tatu tangu wamzike, hita ya chumba kile imewaka yenyewe na haizimiki. Mkewe, Subilaga, alisimama mlangoni na beseni la nguo mbichi.

"Nianike humu? Nje hazikauki."

Anyosisye alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama, jasho likimtiririka, mkononi ameshika soksi alizozikuta chini ya mto. Zilikuwa jozi nne, zimevuliwa kwa pamoja, moja ndani ya nyingine. Zote zilikuwa za Anyosisye mwenyewe, zile alizodhani zimepotea.

Akapiga simu kwenye shirika, akaomba waizime hita.

"Hatuwezi, kaka, hii ni haki yenu," binti aliyepokea alimjibu kwa upole. "Halafu mlibana sana. Itawaka mpaka Desemba."