Yai Viganjani mwa Ngedere

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakishitakiana wenyewe, Ngedere alibembea juu ya kiota cha Bi Mnana mpaka kikang'oka. Alikuwa ngedere hasa, si tumbili, na tusimsingizie tumbili. Kati ya mayai matatu likabaki moja.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Pimbi, mpenda kufukuza watu. "Ngedere ahame msitu huu leo hii," akaamuru.

Bi Mnana alilitazama yai lake likipoa juu ya jani. "Akihama, mzee, mimi napata nini? Yale mawili hayarudi. Hili nikililalia, sisuki kiota, nikisuka, linapoa. Nipeni viganja vyake."

"Vya huyu asiyetulia hata akila?"

"Vya huyo huyo."

Basi Ngedere akakaa siku nne kwenye tawi, yai viganjani.

"Shangazi, pua inaniwasha."

"Iache iwashe, mwanangu."

Siku ya nne kiota kikaisha. "Haya, nipe yai langu," akasema Bi Mnana.

Ngedere akalikumbatia. "Bado, shangazi."

Bi Mnana akaruka kumnyang'anya. Lakini Ngedere aliunyoosha mkia tu, akakivuta kiota taratibu huku na huku, kikacheza.

"Fundo hili la juu limelegea. Kile cha kwanza kiling'okea hapa hapa, mimi ndiye ninayejua. Likaze kwanza, ndipo nikupe mtoto wetu."

Bi Mnana akalikaza fundo, wala hakumsahihisha alivyosema "wetu".