Oluka Wawili

Egau aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa baa ya Felistus, pale Busia, akafungua gunia na kutoa panga. Walikuwa wametoka Tororo alfajiri bila kupumzika, yeye na rafiki yake.

"Usianze kwa kukata, ndugu," rafiki alimwambia. "Uliza kwanza. Akikana, niite, mimi ni shahidi."

Huyo rafiki aliitwa Oluka. Na huyo aliyefuatwa ndani aliitwa Oluka vilevile. Wote wawili walijulikana kuanzia Tororo mpaka Majanji. Mmoja alipiga gitaa hata redio ikamtangaza. Mwingine alikuwa bingwa wa besiboli, ule mchezo wa rungu ulioletwa shuleni na mwalimu wa Kimarekani. Akiupiga mpira, watu waliutafuta mihogoni mpaka kesho yake.

"Na mimi ananichafulia jina," alisema Oluka wa rungu. "Nenda. Nakungoja hapa nje."

Mambo yaliharibika jana. Mama yake Egau, bibi Alungat, alimpakata mjukuu wa siku kumi, akawa anachovya kidole kwenye pombe ya wimbi na kumtia mdomoni huku akiwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina litakalomfanya mtoto anyonye, hilo ndilo lake. Ikiring, mtoto akageuza uso. Ochen, akalia. Bibi akachoka.

"Haya, mama mtoto, taja wewe lililo moyoni."

"Oluka," Amoit alisema taratibu.

Mtoto akanyonya kidole kama titi.

Katika ukoo ule hajapata kuzikwa Oluka hata mmoja. Wanawake wakatazamana. Egau akamwuliza mkewe, "Ni yule wa gitaa?" Amoit akainamisha kichwa. Basi, Egau hakuuliza tena. Na rafiki yake ndiye aliyemalizia: "Sikutaka kukuumiza. Wakati wa palizi mwaka jana nilimwona mpiga gitaa akitoka kwako. Kesho twende Busia, usilaze jambo hili."

Ndani ya baa, mtu mwembamba alikuwa akifunga waya mpya kwenye gitaa.

"Wewe, mwizi," Egau alisema.

"Nimekuibia nini, mzee wangu?"

"Mke. Wakati wa palizi, mwaka jana."

Mpiga gitaa alilitazama panga, kisha akamtazama Felistus, mwenye baa. Felistus akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Palizi ipi, baba? Huyu katoka jela Kisumu juzi Alhamisi. Miaka miwili nimempelekea sabuni mimi. Huku kwenu ilifika sauti yake tu, kwa redio."

Mpiga gitaa akatoa karatasi mfukoni. Egau hakusoma sana, lakini muhuri wa serikali aliujua, na tarakimu alizijua.

Akalirudisha panga kwenye gunia. Maskini Amoit, amemwacha asubuhi bila hata kumuaga. Halafu wazo jingine likaja polepole.

"Oluka," aliita kuelekea mlangoni. "Ulisema ulimwona kwa macho yako."

Akaita mara ya pili.

Felistus akachungulia dirishani. "Unamwita mwenzako? Amekwisha vuka kizuizi cha mpakani, yuko Kenya, yeye na yule mama aliyeshuka kwenye basi la Tororo akawa akimngoja pale. Kichanga kakibeba yeye mwenyewe."