Mwanya wa Eugenia

"Jino zima!" Daktari Leodegar, kitambaa cheupe kimemziba pua na mdomo, aligonga lile jino la mbele kwa kishikio cha kioo. "Mwalimu, una wazimu? Watu wanakuja Kibaha kulilia meno yao, wewe unaniletea jino zima nilisage?"

"Lisage," alisema Mwalimu Felician. "Univalishe la kauri, jembamba kidogo, pabaki mwanya."

Mwanya! Mwaka themanini na mbili, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na mtu mzima na akili zake kaacha darasa huko Visiga kuja kutafuta urembo.

"Likishasagwa halirudi."

"Ukikataa nalivunja kwa jiwe, kesho nipo hapa."

Wala hakuwa anatania. Binti yake, Eugenia, ana miaka saba. Ameota meno ya ukubwani, yana mwanya. Bibi yake mzaa baba, wa Maneromango, kamtazama mara moja tu, akasema mbele ya watu: kwetu hakuna mwanya, huyu apelekwe kwa baba yake. Tangu siku hiyo mtoto hacheki. Hata akila, kiganja kiko mdomoni. Mtoto wa watu!

"Nataka akinitazama aone mwanya kama wake," alisema Felician. "Bibi aseme atakavyo."

"Huenda ameuchukua kwa mama yake."

"Wilhelmina? Hana. Si alikuwa akifagia kliniki hii kabla hatujaoana, humkumbuki?"

"Wengi wamepita hapa," alisema daktari, akachukua sindano ya ganzi.

Kisha akakanyaga pedeli, mashine ikalia. Alilisaga jino mbele, nyuma na ubavuni, apate nafasi ya chuma ndani na kauri juu. Unga wa jino uliruka. Lilipobaki kijiti tu, Felician alilipapasa kwa ulimi, machozi yakamtoka. Ganzi ilikuwa imeshika vizuri, maumivu hakuna. Alililia jino lake.

Daktari alichukua umbo la kinywa, akaandika maelezo kwa fundi wa meno wa Dar.

"Mwanya uwe na upana gani? Milimita moja? Mbili?"

Felician alifuta mate kwenye mdomo uliokufa ganzi.

"Usikisie, daktari. Shusha hicho kitambaa cha mdomoni, ucheke. Upime wako."