Kanga Walioruhusiwa Kutawanyika

Kanga wa kilima kimoja hawakujua kutembea ila kwa mstari, kila mmoja akitazama mkia wa mwenzake. Mbele alikuwa Ndugu Kishungi. Mtama ulikuwa mali ya wote, ila yeye ndiye aliyeufikia kwanza.

Asubuhi moja Kishungi alisimama ghafla, mstari mzima ukagongana.

"Ndugu zangu, mambo ya mstari yamekwisha. Kuanzia leo kila mmoja ashike njia yake."

Wakashangilia sana, kisha wakatazamana.

"Njia yangu inaanzia wapi?" akauliza Bi Madoa, aliyezoea kuwa wa pili.

"Popote upendapo."

"Sawa. Lakini popote ni upande gani?"

Kishungi akachoka, akaenda zake. Wakamfuata. Akakimbia, nao wakakimbia.

"Si nimesema msinifuate?"

"Tumesikia, Ndugu," Bi Madoa akajibu huku akihema. "Tangulia basi, utuonyeshe namna ya kutokufuata."

Kicheche, mla kanga tangu enzi za babu zao, akatoa kichwa shimoni mwake. "Poleni jamani! Uhuru unagawiwa humu ndani. Ingieni mmoja mmoja, kila mtu peke yake."

Loo, hilo walilielewa! Wakajipanga mara moja.

Kishungi akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Rudini! Nifuateni mimi!"

Bi Madoa, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akamgeukia kwa huruma.

"Mambo hayo yamekwisha, Ndugu," akasema, akainamisha kichwa, akaingia.