Nira ya Marehemu

Nyamizi aliinua nira shingoni mwa punda, ngozi ikanyanyuka nayo.

Bwana mifugo aliyekuwa akipita akasimamisha pikipiki. "Mama, hii ni nira ya ng'ombe. Ng'ombe anasukuma kwa nundu. Punda hana nundu, anavuta kwa kifua."

Nira hiyo aliichonga marehemu mumewe, mwaka walipohamia Usangu na ng'ombe wao. Ng'ombe walishaisha. Mwaka mzima Nyamizi amemchapa punda huyu, akimwita mvivu.

Punda alisimama tu, nzi wamejaa kidondani.

Magunia ya mpunga yalikuwa bado mkokotenini. Nyamizi akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akaiweka kifuani pake mwenyewe, chini ya kamba ya mkokoteni.

"Leo wewe nifuate tu," akamwambia punda, akavuta.