Chumvi Ilikuwa Bado Kwenye Kopo

Mama mkwe alidondosha mchuzi wa maharage kiganjani, akaulamba, akaridhika.

"Chumvi imekaa sawa," alisema. "Leo watalamba mpaka sufuria."

Mkamwana wake akaduwaa. Kopo la chumvi alikuwa amelishika yeye, na mfuniko hata hajaufungua.

Kumbe ulimi wa mama ulikuwa hauonji tena. Ndiyo maana juzi mchana mchicha ulikuwa chumvi tupu, hadi binti yake, wifi wa mkamwana, akasema mbele ya wote, "Mama, ukituharibia chakula tena, mwiko unaukabidhi. Utakaa sebuleni upepewe kama bi harusi." Watu walicheka. Mama mkwe naye alicheka, lakini usiku ule hakula.

Sasa wifi alikuwa anapaza sauti kutoka barazani. "Jamani, huko jikoni mmelala? Matumbo yanaimba huku!"

"Njoo upakue basi, mwenye njaa!" mama mkwe akajibu, akainama kutafuta upawa chini ya meza.

Mkamwana akafungua kopo. Chumvi ilikuwa imeganda kwa unyevu. Akaichokoa kwa kucha, akaitia sufuriani, akakoroga taratibu ili mwiko usigonge ukingo. Akaonja. Bado kidogo. Ndara za wifi zilikuwa zinakaribia mlango.

Akachokoa tena.

"Basi, mwanangu," mama mkwe alisema kule kule chini ya meza, bila kugeuka. "Ukizidisha, watasema ni mimi."